Ni Nani Atakayezibua Kalvati?



Tarehe 28 Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua kazi ya kupanua barabara kuu itokayo Rironi, kupitia Naivasha, Gilgil na Nakuru, hadi Mau Summit. Urefu wake ni kilomita 175, na pamoja nayo iko ile ya chini, ya Mai Mahiu hadi Naivasha, ambayo kutoka Rironi ni kilomita 58. Sisi wa Gilgil tumewekwa katikati kabisa. Kutoka Rironi hadi kwetu kazi ilipewa kampuni ya Kichina iitwayo CRBC ikishirikiana na Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Kutoka kwetu hadi Mau Summit ilipewa kampuni nyingine ya Kichina, Shandong Hi-Speed.

Tangu siku hiyo swali ni moja hapa landhi. Ndugu mmoja wa genge aliniuliza hivi: "Bwana Mwandishi, chama cha watu wa reli kina shauri gani na barabara ya malori? Si malori hayo ndiyo yaliyotunyang'anya mzigo?" Siku ile nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa gari la mizigo lilikuwa linaingia. Leo namjibu kwa urefu.

Kwanza ni pesa. Tangu Februari 2023, michango mipya ya sheria ya NSSF ya mwaka 2013 ilipoanza kutumika, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara wake hadi kikomo kilichowekwa, na mwajiri huongeza asilimia 6 yake. Pesa hizo si za serikali wala si za mkurugenzi. Ni chakula cha uzee wetu. Basi hazina hiyo ikiingia ubia wa barabara, mimi na wewe na yule mama anayefagia ofisi ya tikiti tumekuwa wabia vilevile, ingawa hakuna aliyetuita kukata utepe. Na pesa hizo zitarudi kwa njia gani? Kwa ushuru wa njia. Serikali ilitangaza mwaka 2025 kuwa motokaa ndogo italipa shilingi 8 kwa kila kilomita, maana yake shilingi 1,400 kwa zile kilomita 175. Sasa niambieni, ni dereva gani atakayetoa shilingi 1,400 kwa furaha ili apite juu ya mashimo? Barabara ikiharibika, uzee wetu nao unaharibika.

Pili ni kazi yenyewe. Kulinda njia ya mlimani ni kazi moja, iwe ya chuma au ya lami. Mtu wa genge la reli na mtu wa sepeto barabarani ni ndugu wa tumbo moja, na yanayompata mmoja yatampata mwenzake.

Njia hii si ya jana, tena haikutengenezwa kwa ajili ya watu wa hapa kwenda sokoni. Ni njia ya mpakani tangu mwanzo. Waingereza walipoanza kutandika reli kutoka Mombasa mwaka 1896 walikuwa wanatazama mbali, Uganda na chanzo cha mto Nile, wasije wakatanguliwa na mataifa mengine ya Ulaya. Watu kama 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Walipofika kwenye ukuta wa Bonde la Ufa mteremko ulikuwa mkali mno, hata kwa muda mabehewa yalishushwa kwa kamba za chuma mpaka njia ya kudumu ilipokamilika. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Baadaye njia nyingine ilitoka Nakuru ikapanda Timboroa, kwenye baridi, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ikaendelea hata ikafika Kampala mwaka 1931.

Kisha ikaja vita ya pili ya dunia. Mwaka 1941 majeshi ya Italia yalishindwa Ethiopia na Somalia, na mateka wengi wakaletwa Kenya. Hao ndio waliochonga barabara ya ukuta ule, ile ishukayo Mai Mahiu, ili magari ya jeshi yapite. Kando yake walijenga kanisa dogo la mawe mwaka 1942, nalo lingali linasimama. Madereva wengi hupunguza mwendo hapo, wengine kwa heshima na wengine kwa hofu ya kona. Gilgil nayo iligeuka kuwa mji wa askari, na mpaka leo tunaamka kwa tarumbeta za kambi. Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, njia zilikatwa kupanda msitu wa Nyandarua, milima hiyo tunayoiona kila asubuhi upande jua linakotoka, ili askari wawafuate wapiganaji. Wanakijiji walitolewa kwa nguvu kufyeka na kuchimba, wala hawakuulizwa wataka mshahara gani.

Yatazameni hayo kwa pamoja. Reli ilijengwa na watu wa mkataba waliovushwa bahari, barabara ya ukuta ikachongwa na mateka, njia za msitu zikakatwa na wanavijiji wa kulazimishwa. Kila ilipotakiwa njia ya mlimani kwa haraka, kwa ajili ya mpaka au kwa ajili ya vita, alitafutwa mtu asiyeweza kukataa. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulichunguze juu ya barabara hii mpya, kwa maana njia hii ni ya mpakani bado. Mafuta, saruji, dawa na ngano hupita hapa kwenda Malaba na Busia, kisha Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo ya mashariki. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoikata barabara na reli, watu wa Kampala na Kigali walikosa petroli. Na huko mpakani hasa, kwenye mabega ya mlima Elgon, Kenya na Uganda zilichukua mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika ili kutia lami njia ya Kitale hadi Suam, kilomita 45 upande wetu, na ya Suam hadi Kapchorwa, kilomita 73 upande wa wenzetu. Pesa za kujenga hupatikana. Sikumbuki hata siku moja kusikia kwamba mkubwa fulani amekata utepe wa kuzibua mtaro.

Sasa tuseme juu ya maji. Wengi hufikiri barabara huuawa na magari. Mlimani adui wa kwanza ni maji. Mvua ya Nyandarua, ya Kinangop na ya Mau haikai juu. Inateremka, na njia yetu imelala mbele yake kama boma. Kwa hiyo mjenzi huweka kalvati, lile bomba au handaki la kupitisha maji chini ya tuta. Kalvati ikiwa wazi, maji hupita na hakuna anayejua kwamba ipo. Kalvati ikizibwa na matawi, mawe, udongo na hizi chupa za plastiki, maji husimama nyuma ya tuta yakingoja. Lakini tuta si bwawa. Limetengenezwa kubeba uzito kutoka juu, halikutengenezwa kuzuia ziwa kutoka ubavuni. Tena udongo wetu wa bondeni, kuanzia Suswa mpaka Elementaita, una majivu mengi ya volkano, ni mwepesi kama unga. Mtakumbuka Machi 2018 jinsi barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilivyokatika karibu na Suswa baada ya mvua, na ufa mkubwa ukapita katikati ya mashamba ya watu. Ukimwagia unga maji mengi, hauombi ruhusa ya mtu.

Kuizuia hasara ya namna hiyo huhitaji watu wawili wenye sepeto na panga kwa nusu siku kabla ya mvua. Nusu siku tu.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli pale Old Kijabe, kwa kuwa handaki la kuyapitisha chini ya reli lilikuwa limezibwa na mawe, magogo na udongo. Yalipopata nguvu yalipasua, yakashuka gizani hadi Kamuchiri karibu na Mai Mahiu, watu wakiwa wamelala. Waliokufa ni zaidi ya 50, na miongoni mwao watoto wengi. Nyumba zilikwenda na magari yakaviringishwa kama makopo.

Ndugu zangu, sisi watu wa reli hatuwezi kusoma habari hiyo na kugeuza ukurasa. Sikuandika ili nimhukumu mtu. Mvua ya mwaka ule ilikuwa kali isivyo kawaida, na wakubwa waliochunguza wana maneno yao. Lakini mimi huuliza swali la mtu wa genge: juu ya kila handaki la namna ile, katika kila mlima, ni nani leo ambaye jina lake limeandikwa kuwa yeye ndiye wa kulitazama?

Mzee mmoja aliyestaafu unyapara, ambaye bado huja kukaa nasi kwenye benchi la stesheni, alinieleza desturi ya zamani. Njia iligawanywa vipande, kila kipande na genge lake na landhi yake. Kila asubuhi mtu alitembea kipande chake chote kwa miguu, ana nyundo, ufunguo wa boliti na bendera, akigonga chuma na kusikiliza sauti yake. Kila kalvati ilikuwa na namba, na nyapara alikuwa na daftari. Kabla ya mvua za masika genge liliacha mataruma na kokoto, likashika mitaro, siku kadhaa mfululizo, mpaka mkaguzi apite na kutia sahihi. Mzee alisema, "Sisi tulijua kalvati zetu kuliko tulivyojua watoto wetu, maana watoto walikuwa nyumbani kijijini na kalvati tulikuwa nazo." Alicheka alipolisema, lakini si maneno ya kuchekesha sana.

Genge lile lilikwendaje? Halikufutwa siku moja. Mtu alistaafu na nafasi yake haikujazwa. Kisha reli ikakodishwa. Kampuni ya Rift Valley Railways ilishika usukani Novemba 2006 kwa mkataba wa miaka 25, na mkataba huo ukavunjwa mwaka 2017. Katika mabadiliko hayo maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi. Kwenye hesabu za ofisi mtu wa kuzibua mtaro huonekana kama gharama isiyo na faida, kwa sababu akifanya kazi yake vizuri hakuna linalotokea. Mkubwa akitazama karatasi haoni kitu. Huona mshahara umetoka na ajali haikuja, akadhani ajali isingalikuja hata hivyo.

Wale waliosoma shule za misheni kama mimi watakumbuka habari za Nehemia na ukuta wa Yerusalemu. Tulipokuwa watoto tuliona sura ile ya tatu inachosha: fulani mwana wa fulani akatengeneza kipande hiki, na baada yake fulani akatengeneza kile, majina tu mpaka kengele ilie. Sasa nimeelewa kwa nini yaliandikwa. Ilikuwa daftari la nyapara.

Turudi barabarani, kwa malori. Hapa Gilgil tuna mizani, na kila mmoja wetu ameona foleni yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu lori lenye mizigo lisizidi tani 56 kwa jumla, na ekseli moja ya kawaida isizidi tani 10. Wenye malori hulalamika kwamba tani moja au mbili za ziada si kitu. Ni kitu kikubwa. Wamarekani walijaribu jambo hili huko Illinois kati ya 1958 na 1960, wakizungusha malori kwenye barabara za majaribio mchana na usiku, wakaona kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito. Huongezeka karibu kwa uzito uliojizidisha mara nne. Fanyeni hesabu: ekseli ya tani 12 badala ya 10 ni moja nukta mbili, izidisheni kwa nafsi yake mara nne na mtapata mbili na kidogo. Yaani tani mbili za ziada zimeongeza uharibifu mara mbili. Kwa hesabu hiyohiyo, ekseli ya lori ya tani 10 huumiza barabara kuliko ekseli ya motokaa ya nusu tani mara 160,000. Ndugu yule wa genge aliyesema malori yametunyang'anya mzigo ana haki, na mimi naongeza: mzigo ule wa makontena na mafuta ungalibaki kwenye chuma, mlima wa Mau usingalikuwa unatiwa lami mpya kila mara. Lakini mzigo hautarudi wote kesho. Wakati tunaupigania, barabara ipo, na watu wetu wapo juu yake.

Watu hao ni akina nani? Juma lililopita nilikaa na vijana watatu wanaofanya kazi ya mitaro na kufyeka nyasi kandokando ya njia kuu. Kontrakta wao sitamtaja. Huajiriwa kwa siku, hufanya kazi wiki tatu na siku kadhaa, kisha huambiwa, "Pumzikeni wiki moja, tutawaita." Huitwa kweli, wengine wao, na hesabu huanza upya. Mmoja amekwenda hivyo miaka miwili. Sepeto ni yake mwenyewe. Fulana ya kung'aa walipewa moja kwa watu wawili. Wanafanya kazi penye ukungu wa asubuhi, na malori yanateremka nyuma ya migongo yao. Wote tunaijua miteremko ya upande wa Salgaa. Pale Migaa, alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana na watu 36 wakafa. Ikiwa njia ni hatari hivyo kwa mtu aliye ndani ya bodi ya chuma, itakuwaje kwa mtu aliyeinama kwenye mtaro?

Ile wiki moja ya kupumzika ina sababu, nami nataka kila msomaji aijue. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi siku zinazofuatana ambazo zikijumlishwa hazipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa akili ya kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, basi ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, mwenye haki ya kupewa notisi. Kontrakta huvunja siku ili ule mwezi usitimie. Lakini shikeni sehemu ya pili ya kifungu hicho. Je, kuilinda barabara ya kilomita 175 mlimani ni kazi ya kumalizika kabla ya miezi mitatu? Mvua huja kila mwaka, na nyasi huota kila mwezi. Kazi hii haina mwisho kwa asili yake, na mtu anayeifanya hawezi kuitwa wa muda kwa sababu tu karatasi yake huchanwa kila wiki ya nne. Vilevile sheria ya fidia kwa ajali za kazini, ya mwaka huohuo wa 2007, haimwachi kibarua nje. Akiumia, mwajiri wake anawajibika. Waambieni vijana mnaokutana nao njiani, kwa maana wale watatu hawakuwa wamesikia hata neno moja la habari hizi.

Wala msidhani ni kwetu tu. India ina shirika la serikali la barabara za mpakani tangu mwaka 1960, linalofungua njia za jeshi katika milima ya Himalaya. Moja ya njia hizo, iliyokamilika mwaka 2021, hupita juu zaidi ya mita 5,700, mahali ambapo mtu hupumua kwa shida. Shirika lina wahandisi na maafisa wa kudumu, lakini koleo na nyundo hushikwa zaidi na vibarua wanaotoka majimbo maskini ya mbali na nchi jirani ya Nepal. Tarehe 28 Februari 2025 theluji iliporomoka juu ya kambi ya vibarua hao huko Mana, karibu na mpaka wa Tibet. Watu 54 walifukiwa, na 8 wakafa. Walikuwa pale katikati ya baridi kwa sababu njia ya mpakani haifungwi, lazima kila siku mtu aiondolee theluji. Kwao theluji, kwetu maji na udongo.

Mtu atasema chama kinaota ndoto, serikali haina pesa za kurudisha magenge. Namjibu kwamba jambo hili Kenya ililifanya, tena kwa barabara za vumbi. Mwaka 1974 ulianza mpango wa barabara za mashambani, uliojenga maelfu ya kilomita kwa jembe na karai. Kazi ilipokwisha, mtu mmoja miongoni mwa walioijenga, aliye na nyumba karibu, alikabidhiwa kilomita moja au mbili azilinde kwa siku chache za kila wiki, akalipwa kila mwezi. Alijua kila shimo kwa kuwa lilikuwa mlangoni mwake. Majirani walimjua pia, na njia ikiharibika walijua pa kwenda kugombana. Na pesa zipo. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli hutozwa shilingi 25 za kutunza barabara, na juu ya hizo barabara yetu itakuwa na ushuru wake yenyewe.

Basi tawi letu limeandika barua, na nakala yake imebandikwa ubaoni karibu na ofisi ya stesheni mkaisome. Inakwenda kwa wajumbe wa wafanyakazi walio katika baraza la wadhamini la NSSF. Haiwaambii waiondoe hazina kwenye barabara. Hilo lina mabishano yake, na wengine wenu mna mashaka makubwa ambayo nayaheshimu. Inawaambia kwamba, maadamu pesa zetu zimeingia, waulize kwa niaba yetu mambo haya kabla kizuizi cha kwanza cha ushuru hakijafunguliwa: kila kipande cha njia kitakuwa na watu wangapi wa kukitunza, wameajiriwa na nani, kwa mshahara wa mwezi au wa siku, na daftari la kalvati limewekwa wapi. Mbia ana haki ya kuona daftari. Na tumewataka waijibu barua kwa maandishi, kwa kuwa majibu ya simu tumeyapata ya kutosha miaka iliyopita.

Jambo moja lilibishaniwa sana mkutanoni. Jumapili tuliyotembea watu wanne kuelekea Kikopey tulizikuta kalvati mbili zimezibwa kabisa, na mdomoni mwa moja mti umeota, unene wa mkono wangu. Chini yake kuna nyumba za watu. Wengine walisema tusiiguse, tukiizibua bure tutakuwa tumewazoesha makontrakta. Wengine wakasema mvua haisomi katiba ya chama. Mwisho tulikubaliana hivi: Jumamosi saa mbili asubuhi tunakutana stesheni, kila mtu na panga au sepeto, tunaukata mti ule na kufungua mdomo. Kazi ya watu wanane kwa nusu siku, kwa kima cha mshahara wa genge, imeandikwa kwenye ankara, na ankara imebanwa pamoja na ile barua.